Bodi Haiozi, Chasisi Inaoza: Kisa cha Land Rover Iliyopotea

Gari lilipatikana bustanini, maili chache tu kutoka Solihull, mji wa Uingereza lilikotengenezwa. Mara ya mwisho kutembea barabarani ilikuwa miaka ya 1960. Baada ya hapo lilikaa miaka 20 kwenye uwanja wa shamba huko Wales, kisha likanunuliwa na mtu aliyekusudia kulifufua. Kazi hiyo haikuisha, nalo likabaki hapo bustanini.

Halikuwa gari la hivi hivi. Lilikuwa mojawapo ya Land Rover tatu zilizopelekwa kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, Aprili 1948, siku ambayo dunia iliona Land Rover kwa mara ya kwanza. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua lilipo. Januari 2018, jina hilo lilipotimiza miaka 70, Jaguar Land Rover ilitangaza kwamba gari limepatikana na mafundi wake wa magari ya zamani watalirudisha barabarani. Walikuwa wamepekua nyaraka za kampuni kwa miezi kadhaa ili kuthibitisha kuwa ndilo lenyewe.

Tangazo lile lilikuwa na maneno machache ambayo msomaji wa kawaida aliyapita bila kugeuka. Lilisema gari hilo, tofauti na yale yaliyokuja kuuzwa kwa watu, lina bamba nene zaidi za alumini, sanduku la nyuma linalong'oleka, na chasisi iliyochovywa zinki. Msomaji wa kawaida akapita. Lakini mtu aliyewahi kuishi na Land Rover ya zamani akifika hapo kwenye zinki lazima asimame, asome tena, na pengine atukane kidogo kimoyomoyo.

Kisa hiki kinahusu neno hilo moja.

Mwulize mtu yeyote kuhusu Land Rover za zamani, hazitapita sentensi mbili kabla hajakwambia kwamba hazishiki kutu. Bodi ni alumini, atasema, itaoza vipi? Anasema kweli, ila kweli yake inaishia mlangoni. Wahenga walishasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Ukifungua hapa, chini ya alumini yote unakutana na chuma: chasisi ya chuma, ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, fremu za chuma ndani ya milango. Hivyo vinaoza, tena vinaoza huku vimefunikwa na ngozi isiyooza, na ndiyo maana mwenye gari huchelewa kujua.

Ili kuelewa kwa nini gari moja lilijengwa kwa tabia mbili, turudi mwaka 1947. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, kaskazini mwa Wales. Kazi za shamba alizifanya kwa Jeep ya Willys iliyobaki baada ya vita. Jeep ile ilikuwa imechoka, na hapakuwa na gari la Kiingereza la kushika nafasi yake. Inasimuliwa kwamba akiwa ufukweni Red Wharf Bay na kaka yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi mtendaji wa Rover, Maurice alichora umbo la gari jipya mchangani. Hadithi tamu, na kampuni haijachoka kuisimulia. Mimi naona kilichoizaa Land Rover ni uhaba wa chuma zaidi kuliko mchanga wa Anglesey.

Uingereza ya baada ya vita ilikuwa na madeni, na chuma kiligawiwa na serikali. Kiwanda kilichouza nje ya nchi ndicho kilichopata mgao wa maana. Rover ilikuwa imezoea kutengeneza magari ya heshima kwa ajili ya madaktari na mameneja wa benki wa nyumbani, si bidhaa ya kupeleka ng'ambo kwa wingi. Isitoshe, ilijikuta na kiwanda kikubwa cha Solihull kilichojengwa kwa ajili ya injini za ndege za kivita, na sasa vita imekwisha. Chuma hakuna, ila alumini ipo, kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi.

Basi bodi ikatengenezwa kwa Birmabright, aloi ya alumini na magnesi iliyotoka Birmingham. Ni laini, inakunjika bila mashine kubwa za kubonyeza bamba, na haiogopi maji. Angalia Land Rover ya mwanzo utaona karibu kila bamba limenyooka kama meza. Hiyo ndiyo sura ya gari linalotengenezwa na mtu asiye na hela ya mashine. Hata ile rangi ya kijani ilitokana na akiba ya rangi za ndege za jeshi. Gari likawekewa injini ya petroli ya lita 1.6, magurudumu yote manne yakasukuma, na bei ya kuanzia ikawa pauni 450. Mpango ulikuwa liuzwe miaka michache tu, kampuni ivuke kipindi kigumu, halafu irudi kwenye magari yake ya heshima. Kufikia 1966 zilikuwa zimeshatengenezwa 500,000, na mwaka 1976 ikatoka ya milioni moja.

Lakini alumini haiwezi kuwa uti wa mgongo wa gari la kulimia. Chasisi ilipaswa kuwa chuma, na hapa ndipo Rover ilipofanya ujanja ambao mpaka leo naustaajabia. Kubonyeza chasisi nzima kunahitaji vifaa vya gharama kubwa, na hawakuwa navyo. Olaf Poppe, mmoja wa wahandisi wa Rover, akabuni njia ya kuchukua bamba nne bapa za chuma na kuzichomelea kingo kwa kingo hadi ziwe boksi refu. Bamba zenyewe ziliweza kukatwa kwenye vipande vya kawaida, bila mashine za bei mbaya. Boksi la namna hiyo ni imara ajabu kwa uzito wake, na halipindi kirahisi gari likining'inia kwenye mtaro na gurudumu moja juu.

Boksi hilohilo, kwa bahati mbaya, ni mtungi.

Maji yakiingia yanakaa. Matope yakiingia yanakaa na kuyashikilia maji. Chasisi ina matundu ya kutolea maji chini, ila tundu la upana wa kidole likizibwa na udongo wa siku moja ya kazi, halizibuki lenyewe. Kutu inaanza ndani, mahali ambapo hakuna brashi iliyowahi kufika, na inakula kuelekea nje. Siku unapoona kipele cha kahawia kwenye rangi ya nje, ujue ule upande wa pili umekwisha kitambo. Ukikibonyeza kwa bisibisi, bisibisi inaingia hadi kwenye mpini.

Kwenye zile gari za majaribio za mwaka 1948, 48 kwa jumla, jibu la tatizo hili lilikuwa tayari. Chasisi ilichovywa zinki. Kazi hii inaeleweka kwa yeyote anayejua bati la nyumba: chuma kinasafishwa kwa asidi, kinazamishwa kwenye zinki iliyoyeyuka kwa joto la karibu nyuzi 450, kinatoka kimevaa koti la kijivu nje na ndani. Nje na ndani, hilo ndilo la muhimu kwa boksi. Na koti hilo si rangi tu ya kuzuia maji. Zinki hukubali kuliwa kabla ya chuma. Hata ukilikwaruza mpaka chuma kionekane, zinki iliyo pembeni huendelea kujitoa kafara kwa muda mrefu kabla chuma hakijaguswa.

Uzalishaji wa kuuza ulipoanza, zinki ikaondolewa kwenye chasisi na rangi ikachukua nafasi yake. Kinachonikera mimi si uamuzi wenyewe, maana gari lilikuwa la kupitisha muda na kila senti ilihesabiwa. Kinachonikera ni mahali zinki ilipobaki. Bampa ya mbele iliendelea kuchovywa zinki. Vyuma vinavyofunika kingo za juu za sanduku la nyuma viliendelea kuchovywa zinki. Tembelea Land Rover ya miaka ya 1960 iliyoachwa uani, utakuta bampa, ambayo unaweza kuifungua kwa spana chache na kuitupa, ikiwa nzima. Nyuma yake, chasisi inayobeba kila kitu inamwaga unga wa kahawia.

Na alumini nayo haikutoka salama kabisa. Alumini ikigusana na chuma na kukawa na maji ya chumvi katikati, inageuka kuwa kama betri dogo, na anayeliwa katika ndoa hiyo ni alumini. Hautaona kutu ya kahawia. Utaona unga mweupe, na rangi inavimba kama ngozi iliyoungua. Hutokea pale hasa alumini ilipokunjwa kuzunguka fremu ya chuma: chini ya milango, kwenye kona, kuzunguka vichwa vya bolti. Barabara za Uingereza humwagiwa chumvi majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, kwa hiyo maji ya chumvi hayahitaji kutafutwa. Wenye magari waliozoea kushusha boti baharini wana hadithi zao, zote zinaishia vibaya.

Kuna mfano mmoja wa pembeni ambao siwezi kuuacha. Boti ya kasi ya Donald Campbell, Mwingereza aliyekuwa akivunja rekodi za kasi, iliitwa Bluebird K7, nayo ilijengwa kwa mtindo huohuo: kiunzi cha chuma, ngozi ya Birmabright. Ilipasuka na kuzama kwenye Ziwa Coniston tarehe 4 Januari 1967, ikitembea kwa kasi ya kutisha, Campbell akafa. Ilipoinuliwa mwaka 2001, baada ya miaka 34 chini ya maji, rangi yake ya buluu ilitambulika mara moja. Ukitaka kujua Birmabright ina roho gani, huo ushahidi unatosha.

Sasa tumchukue mnunuzi. Ameona tangazo la Land Rover ya Series III, kizazi cha tatu, kilichotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Picha zinavutia. Boneti imenyooka, milango inafunga kwa kishindo chake kilekile cha sufuria, rangi mpya, viti vipya. Anakwenda kuliona. Muuzaji ameshaliwasha, maana injini iliyopoa husema ukweli ambao injini ya moto huuficha. Wanazunguka gari, wanazungumzia injini. Kila mtu hupenda kuzungumzia injini. Injini ya Land Rover, kusema kweli, ni jambo dogo. Ikifa inatolewa mchana na nyingine kuingia kabla ya jioni ya kesho.

Mnunuzi mwenye akili anavaa nguo kuukuu na kubeba nyundo ndogo na tochi. Analala chali, anaanza nyuma, kwenye boriti ya nyuma inayopokea kila kitu magurudumu yanachorusha. Anagonga. Chuma kizima hujibu *ngo, ngo*, sauti kali yenye mwangwi, na nyundo inaruka mkononi. Anasogea kidogo kulia. *Ngo, ngo.* Anasogea kwenye kona, pale mguu wa springi ulipochomelewa. *Pfu.* Nyundo haikuruka. Vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu vinamwangukia usoni, na ndani ya boksi kitu kinatiririka kama mchanga kwenye debe. Huo si mchanga. Hiyo ni chasisi.

Anamulika tochi. Sehemu yote ya chini imepakwa kitu cheusi kizito, kinachong'aa, kama lami. Lami hiyo ikipakwa kwenye chuma kisafi na kikavu, inasaidia. Ikipakwa juu ya kutu, inafungia unyevu ndani na kumfungia macho mnunuzi. Akikwaruza kwa ukucha anakuta ukingo wa kiraka: bamba lililochomelewa juu ya bamba. Chini yake kuna kiraka kingine. Fundi wa kwanza hakukata kutu, aliifunika. Wa pili akachomelea juu ya kazi ya wa kwanza. Ukihesabu tabaka unajua gari limepita kwa mafundi wangapi wenye haraka.

Kisha anaingia ndani, anainua zulia la miguuni na kutazama ukuta wa injini. Huo nao ni chuma. Unaozea kwenye kona za chini na pale bawaba za milango zinaposhikwa. Ukiona mlango umelala kidogo, haukai sawa na mstari wa bodi, usiseme ni bawaba. Mara nyingi ni ukuta unaoaga.

Ningependa kusema hapo mnunuzi hukunja mfuko wake na kuondoka. Wengi hawaondoki. Land Rover humfanyia mtu jambo ambalo gari lingine halimfanyii: humwonyesha bolti zake. Karibu kila kitu kinafunguka. Bawa la mbele linatoka kwa bolti. Sanduku la nyuma linatoka. Paa linatoka. Kioo cha mbele cha magari ya mwanzo hulala juu ya boneti. Mtu anatazama lundo lile la matatizo na kuona kwamba kila tatizo lina nati, na nati anaijua. Hapo ndipo pesa zinapoanza kutoka.

Kwa sababu tiba ya kweli ya chasisi iliyooza ni moja. Unanunua chasisi mpya, iliyotengenezwa upya na viwanda vidogo vya Uingereza kwa vipimo vya zamani, na karibu kila mtu anaagiza iliyochovywa zinki. Kile kilichokuwa kwenye gari za majaribio mwaka 1948 kinarudishwa kwa gharama ya mwenye gari, na chasisi tupu peke yake inapita kwa mara kadhaa ile bei ya pauni 450 ambayo gari zima liliuzwa mwanzoni. Najua pauni ya wakati ule si ya leo. Hata hivyo.

Kazi yenyewe ni kubadilisha mgonjwa mgongo akiwa hai. Bodi inaondolewa vipande vipande na kuegemezwa ukutani. Injini na gia boksi zinainuliwa kwa mnyororo. Ekseli zinavutwa na springi zake. Mabomba ya breki hayafunguki, yanakatwa. Bolti zinazoshika springi hupita ndani ya mpira wenye bomba la chuma, na kutu imezishikamanisha vibaya kiasi kwamba mtu hutumia siku nzima kwa bolti moja, kwanza kwa mafuta, halafu kwa moto, halafu kwa maneno yasiyofaa, halafu kwa msumeno. Kisha chasisi mpya ya kijivu inawekwa chini na kila kitu kinarudi kwa mpangilio wa kinyume. Si kila tundu linalingana. Zinki huacha matone kwenye nyuzi za bolti, na kila uzi unapaswa kupitishwa kifaa cha kuchonga upya. Ukuta wa injini usipokaa sawasawa kwenye hatua ya kwanza, milango haitafunga kwenye hatua ya mwisho, na utaligundua hilo ukiwa umeshamaliza.

Anayefanya kazi hii vizuri anapata gari litakalomzidi umri. Lakini je, ni gari lilelile?

Swali hilo si la mlevi wa baa, ni la kisheria. Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma cha chasisi yenyewe, sehemu ya mbele. Chasisi ikienda kwenye chuma chakavu, namba ya asili inakwenda nayo. Kwa miaka mingi DVLA, mamlaka ya usajili wa magari ya Uingereza, iliamua utambulisho wa gari lililojengwa upya kwa pointi. Gari lilihitaji angalau 8 ili libaki na usajili wake. Chasisi ya asili, au mpya iliyolingana nayo, ilikuwa na pointi 5. Ekseli 2, springi 2, usukani 2, mfumo wa gia 2. Injini, hiyo ambayo mnunuzi na muuzaji waliizungumzia saa nzima, pointi 1. Sidhani kama kuna maelezo mafupi zaidi ya Land Rover ni kitu gani.

Kisha kuna ukaguzi wa kila mwaka, MOT. Mkaguzi wa MOT ni mtu anayelazimishwa na sheria kutazama chini ya gari ambalo mwenyewe hataki kulitazama. Kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka panaposhikwa springi, usukani, breki au mikanda ya viti inalikwamisha gari. Kwa Land Rover ya zamani kanuni hiyo ni kama ilitungwa na mtu aliyekuwa akiitazama gari hiyo. Lakini tangu Mei 2018, gari lililotimiza miaka 40 na ambalo halijabadilishwa sana halihitaji tena MOT. Series III ya mwisho ilitoka 1985, kwa hiyo mlango huo umeshafunguka kwa Series zote. Sheria bado inamtaka mwenye gari ahakikishe ni salama barabarani, sikatai. Ila mkaguzi ameondoka, na magari yaliyokuwa yakimhitaji kuliko yote ndiyo yaliyosamehewa. Naelewa hoja kwamba magari ya zamani hutunzwa na watu wanaoyapenda. Na lami nyeusi inapakwa na watu wanaoyapenda vilevile.

Mtu atauliza, miaka yote hiyo mbona kiwanda hakikurudisha zinki? Wenye kampuni walibadilika vya kutosha kupata mwenye wazo hilo. Rover ikaingia Leyland mwaka 1967, mwaka uliofuata ikawa sehemu ya British Leyland, mwaka 1988 ikanunuliwa na British Aerospace, 1994 ikawa ya BMW, mwaka 2000 Land Rover ikauzwa kwa Ford, na 2008 Tata ya India ikaichukua pamoja na Jaguar. Gari lenyewe lilibadilika pia: springi za majani zikaachwa kwa springi za koili ilipotoka modeli ya One Ten mwaka 1983, jina la Defender likaja 1990, injini zikaingia na kutoka. Chasisi ikaendelea kuwa boksi la chuma lililopakwa rangi. Mwenye Defender ya miaka ya 2000 anagonga kwa nyundo ileile, mahali palepale pa nyuma, kama babu yake alivyogonga.

Nadhani jibu liko kwenye namna mnunuzi wa gari jipya anavyonunua. Anatazama bei, nguvu, viti. Chasisi itakayooza baada ya miaka 15 ni ya mtu wa pili au wa tatu, na mtu wa tatu haingii kwenye chumba cha mauzo. Sifa ya kudumu ilikuwa inaletwa na bodi ya alumini bila gharama ya ziada, picha za magari ya miaka 40 yakivuka mito zilikuwa zinajitangaza zenyewe, na kazi ya kuyafikisha miaka 40 ilifanywa na wenye magari, kwa fedha zao, jioni na siku za mapumziko. Watu hujivuna kwamba sehemu kubwa ya Land Rover zote zilizowahi kutengenezwa bado zinatembea. Sina ugomvi na majivuno hayo, ila ningependa ielezwe pia ni ngapi kati yake zinatembea kwenye chasisi zilizotoka nazo kiwandani.

Defender mpya iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 2019, na ambayo hutengenezwa Nitra nchini Slovakia, ilimaliza suala hilo kwa njia nyingine: haina chasisi kabisa. Bodi yake ni kipande kimoja cha alumini kinachojibeba. Walalamikaji walikuwa wengi, wakisema hiyo si Land Rover. Inawezekana. Walau haina mtungi chini.

Nirudi kwenye lile gari la bustanini. Kampuni iliamua kulirejesha kwa namna ambayo naiheshimu: kulihifadhi na alama za umri wake, ikiwemo rangi ya kijani hafifu iliyopakwa mwaka 1948. Wangeweza kulipaka upya likang'aa kama siku ya Amsterdam na wapiga picha wangefurahi. Badala yake, ile mikwaruzo ilihesabiwa kuwa sehemu ya gari. Sidai kwamba zinki peke yake ndiyo iliyolifikisha hapo. Miaka 20 ya mvua ya Wales haimwachi mtu salama, na gari lisilotembea halirushiwi chumvi. Ninachosema ni kwamba kati ya Land Rover zote, hii ilipewa silaha ambayo wenzake waliotumwa kulima, kuchota maji, kubeba wagonjwa na kwenda vitani hawakupewa.

Defender ya zamani ya mwisho ilitoka Solihull tarehe 29 Januari 2016, ikifunga hesabu ya magari 2,016,933. Ili kuiheshimu ile ya kwanza kabisa, gari la majaribio lenye namba ya usajili HUE 166, wakaipa ya mwisho namba H166 HUE. Wafanyakazi wakaisindikiza, wengine wakilia. Ilikuwa na bodi ya alumini kama ya kwanza. Chini yake kulikuwa na chasisi ya chuma, nyeusi, iliyopakwa rangi.